Kabla ya kukopesha, ulizeni ujenzi ulikwama wapi

Swali: Mimi ni katibu wa chama cha akina mama cha kuweka na kukopa hapa Lamu mjini. Wanachama wetu wako Langoni, Gadeni, Wiyoni na wachache Matondoni. Mikopo ya biashara na ya karo tunayo tayari. Sasa tunataka kuanzisha mkopo mdogo wa kutengeneza nyumba. Tuliandaa hojaji tukauliza watu 120 kama wangependa mkopo huo, na 111 wakasema ndiyo. Wengi walitaka shilingi 100,000 kwa miaka miwili. Mwenyekiti anasema soko lipo, tuanze. Mimi moyo haujatulia. Je, utafiti huu unatosha? Na kama hautoshi, tufanye nini bila kutumia pesa nyingi?

Jibu: Dadangu Katibu, moyo wako umeona jambo ambalo hojaji haikulionyesha, usiupuuze. Ndiyo 111 kati ya 120 zinaonyesha adabu ya watu wa Lamu kuliko zinavyoonyesha soko. Katibu wa chama kaja mpaka barazani, kashika kalamu, anauliza kama ungependa kusaidiwa kutengeneza nyumba. Nani atamjibu la? Na wengine, bila shaka, walidhani majina yale ndiyo yatakayoanza kupewa. Kusema ndiyo hakukuwagharimu kitu. Kitakachowagharimu ni kulipa elfu tano kila mwezi upepo wa kusi ukiwa umepamba moto na mashua hazitoki, na hilo hawakuulizwa.

Hata ile 100,000 naitilia shaka. Kama hojaji ilikuwa na visanduku vya 50,000, 100,000 na 200,000, mtu huweka alama cha katikati akaendelea na shughuli zake. Kama mliwauliza wakiwa wamekaa pamoja, aliyetangulia kutaja kiasi ndiye aliyewajibia wenzake. Kwa vyovyote vile, hiyo ni hesabu ya tamaa, na tamaa haina kosa, lakini mkopo haupimwi kwayo.

Ningekuwa mahali penu ningeanza upya na swali moja, mengine yote yakazaliwa nalo: ujenzi wako ulikwama wapi?

Nakueleza kwa nini. Huku kwetu pwani mtu wa kipato cha kawaida hajengi nyumba mara moja. Anakusanya mawe safari mbili tatu za punda, anangoja. Anachimba msingi, anangoja. Anapandisha ukuta mpaka linta, halafu miaka miwili mibuyu inaota ndani ya chumba kisicho na paa. Ukipita Gadeni au Wiyoni macho yakiwa wazi, kila kiwanja kinakuambia mwenyewe aliweza kufanya nini kwa pesa zake, na alishindwa wapi. Ushahidi huo ni bora kuliko ndiyo yoyote, kwa sababu umelipiwa.

Nilijifunza hili Malindi, upande wa Barani, katika nyumba ya mama mmoja aliyekuwa akiuza mahamri na viazi vya karai. Alikuwa ameniambia anahitaji 150,000 amalize nyumba. Nikamwomba anitembeze. Vyumba vitatu, ukuta umefika juu, paa hakuna. Yeye na watoto walilala kwenye banda la makuti pembeni. Chini ya kitanda kulikuwa na mabati manane yamefungwa kwa gunia, safi kabisa. Nikamuuliza aliyapataje. Akasema ananunua bati moja kila mwezi, isipokuwa Ramadhani na mwezi wa karo. Bati lilikuwa kama shilingi elfu moja wakati ule. Basi mbele yangu palikuwa na mtu aliyethibitisha, miezi minane, kwamba anaweza kutenga elfu moja kwa mwezi kwa ajili ya nyumba yake, bila kusukumwa na mtu. Mia na hamsini elfu angeilipa kwa miaka zaidi ya kumi na miwili.

Tukamwita fundi. Akapima chumba kimoja kwa hatua, akayahesabu mabati, akasema: haya yanatosha chumba hiki, tukiezeka mteremko wa upande mmoja. Kilichokosekana ni mbao, misumari na ufundi. Yote kwa jumla, 14,000. Mama yule alikuwa amekaa juu ya paa lake bila kujua. Mbao hakuweza kuzinunua kidogo kidogo kama bati, maana zikilala nje zinapinda na zinaliwa na mchwa. Na fundi hapandi juu kupigilia nusu ya paa leo, nusu mwaka ujao. Hapo ndipo alipokwama, na hapo ndipo mkopo ulipokuwa na kazi ya kufanya. Elfu kumi na nne kwa miezi kumi na minane ni chini ya mia nane kwa mwezi kabla ya kuongeza faida.

Tangu siku ile nagawa kazi za nyumba mafungu mawili. Kuna zinazokatika vipande: kukusanya mawe, kupaka chokaa, kuziba makuti yanayovuja, kununua mlango. Hizi watu huzifanya wenyewe kwa pesa ya mchezo, yaani upatu wa kupokezana, au ya msimu mzuri, na mkiwakopesha kwa ajili yake mtawabebesha deni la kitu walichokuwa wakikimudu. Kisha kuna zisizokatika: kuezeka, kubadilisha dari nzima ya boriti zilizooza, kuchimba shimo la choo na kulifunika, kuweka tangi la maji, kuingiza umeme. Nusu ya shimo la choo ni hatari kwa watoto. Nusu ya dari ni msiba unaongoja. Mkopo wenu ukae kwenye fungu la pili, na utafiti wenu ufanye kazi moja kubwa: kujua ni kazi zipi zisizokatika ambazo wanachama wenu wamekwama nazo, na kila moja inagharimu shilingi ngapi ikifika mlangoni.

Sisemi haya kama mtu wa kwanza kuyagundua. Kampuni ya simiti ya CEMEX kule Mexico iliona, baada ya msukosuko wa sarafu ya nchi ile uliotokea mwishoni mwa 1994, kwamba wajenzi wakubwa walipunguza sana ununuzi, lakini maskini wanaojijengea wenyewe walipungua kidogo tu. Ikatuma watu wakaishi katika mitaa ya hali ya chini ya Guadalajara ili waelewe. Walikuta familia zinajenga chumba kimoja kwa miaka, vifaa vinaharibika au kuibwa, na pesa za tanda, ambao ni mchezo kama wetu, zinaishia kwenye sherehe kabla hazijafika kwenye ukuta. Mpango waliouanzisha 1998, Patrimonio Hoy, uliwaweka watu watatu watatu, wakilipa kila wiki na kuletewa vifaa kwa awamu kwa muda wa wiki 70. Hapa Kenya nako KWFT, benki ya mikopo midogo ya akina mama, pamoja na shirika la makazi la Habitat for Humanity na fedha za Mastercard Foundation, walileta mkopo wa Nyumba Smart. Jifunzeni kwao, ila msinakili masharti. Guadalajara haina kusi.

Na kusi ndiyo jambo la pili ninalotaka mkae nalo kwa muda.

Chukueni karatasi kubwa, au hata mchanga ulio mbele ya nyumba, mchore miezi kumi na miwili. Waambieni akina mama waweke kokwa za tende: nyingi kwenye mwezi wenye pesa, chache kwenye mwezi wa dhiki. Kisha mstari wa pili, miezi wanayotumia sana. Kisha wa tatu, miezi ambayo nyumba inawasumbua. MicroSave, shirika lililoanzia kazi zake hapa Afrika Mashariki 1998, limefundisha taasisi nyingi ndogo za fedha kutumia zana za namna hii, na nimeziona zikifanya kazi kwa mtu asiyejua kusoma sawasawa na kwa mwalimu.

Mtakaloliona Lamu, nadhani, ni hili. Kaskazi, tangu Novemba mpaka Machi, bahari imetulia, samaki na kamba wanapatikana, wageni wako Shela na mjini. Nyumba zinaanza kuangaliwa Februari na Machi, kwa sababu masika inakuja na kila mtu anajua paa lake linavuja wapi. Basi maombi ya mikopo yatawajia kwa wingi hapo. Lakini marejesho ya mkopo wa Machi yanaanza Aprili, mvua inapiga, halafu kusi inavuma mpaka karibu Septemba, mashua ndogo hazitoki, na mume aliyekuwa akileta elfu sasa analeta mia mbili. Mkitoza kiasi kimoja kila mwezi, kufika Juni mtakuwa na orodha ndefu ya wanaodaiwa, na mwenyekiti atasema watu wa Lamu hawalipi. Watakuwa hawajakataa kulipa. Mtakuwa mmepanga malipo kinyume cha upepo.

Tuseme mmenunua vifaa vya 60,000, mkaongeza faida ya 7,200, jumla 67,200. Kwa malipo sawa kwa mwaka ni 5,600 kila mwezi. Sasa pangeni kwa upepo: miezi mitano ya kaskazi 8,400 kila mmoja, ambayo ni 42,000, miezi saba iliyobaki 3,600, ambayo ni 25,200. Jumla ni ile ile. Pesa yenu inarudi yote na mwenye nyumba anapumua. Mkulima wa upande wa Mpeketoni au Witu atakuwa na ratiba yake, inayofuata mavuno. Mwalimu au askari wa kaunti hana haja na ratiba yoyote ya msimu. Ndiyo maana kalenda ichorwe na kila kundi mbali.

Kuna kalenda ya pili chini ya hii, nayo hutembea. Ramadhani, Idd mbili, na Maulidi ya Mfungo Sita, ambapo mji unajaa wageni na kila mtu anataka nyumba yake ing'ae, zinarudi nyuma kama siku kumi na moja kila mwaka wa kizungu. Mwaka ambao Ramadhani inaangukia katikati ya kaskazi, mwezi mmoja wa pesa nzuri umeliwa na futari na nguo za Idd, na hiyo ni haki yake. Ratiba ya miaka miwili isipoziweka kalenda hizi mbili pamoja itawasaliti.

Halafu waulizeni wazee kuhusu miaka ambayo kila mtu aliumia kwa pamoja. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014 kulikuwa na kafyu, uvuvi wa usiku ukazuiwa, hoteli zikafungwa. Mwaka 2020 tena, korona. Katika miaka ya namna hiyo mdhamini hana cha kumdhamini mwenzake, kwani naye kavua nyavu tupu. Muwe mmeamua mapema, tena mkaandika kwenye kanuni, kwamba likitokea la wote malipo yanasogezwa mbele bila nyongeza.

Nije kwenye uwezo wa kulipa. Msiulize mtu anapata shilingi ngapi kwa mwezi. Wengi hawajui kwa kweli, na anayejua ana sababu ya kutokusema mbele ya mumewe au jirani. Ulizeni anatia mchezo shilingi ngapi, kila baada ya siku ngapi, na mara ya mwisho kukosa ilikuwa lini. Anayetia mia mbili kila wiki mwaka mzima bila kukosa amewaonyesha uwezo wa 10,400 kwa mwaka, kupitia kusi na kaskazi na Ramadhani. Msimpe mkopo unaodai elfu tano kwa mwezi, na msimdharau pia: mtu huyo ni salama kuliko mwenye duka asiyeweza kukuonyesha daftari. Ninaamini mkifanya hesabu hii kwa watu wenu 120, ile 100,000 itayeyuka, na mtajikuta mnazungumzia mikopo mingi ya elfu kumi, kumi na tano, ishirini, na michache tu mikubwa.

Hapo mtakuja kwenye riba, na tafadhali msiiache ya mwisho. Katika mji wa misikiti kama Lamu wapo watu wasiogusa mkopo wa riba hata paa likiwaangukia, na hao hawatasema hivyo kwenye hojaji. Watasema ndiyo kwa heshima, kisha hawaji. Waulizeni yaliyopita: umewahi kuacha mkopo kwa sababu ya riba? Ulipata wapi pesa badala yake? Jibu la swali la pili ndilo litakaloonyesha mshindani wenu halisi, ambaye mara nyingi ni dhahabu ya mama iliyouzwa, au ndugu aliye Mombasa au Uarabuni.

Kwa vifaa vya ujenzi njia ya murabaha inafaa sana. Chama kinanunua mabati, kinayamiliki na kuyapokea, halafu kinamuuzia mwanachama kwa bei iliyotajwa pamoja na faida iliyotajwa, alipe kwa awamu. Bei ikishafungwa haipandi hata akichelewa. Lakini angalieni mambo mawili. Kwanza, umiliki uwe wa kweli: mkimpa mwanachama pesa taslimu akanunue mwenyewe kisha mkaandika kwamba mmemuuzia, mmebadilisha jina tu. Pili, murabaha huuza mali, na ujira wa fundi si mali. Sehemu hiyo itafutieni njia nyingine: kardhi hasan ndogo, yaani mkopo usio na nyongeza, au mkataba wa istisnaa ambapo chama kinachukua kazi nzima ya kuezeka na kuikabidhi ikiwa imekamilika. Kaeni na wanazuoni wenu kabla ya kuchapisha fomu, si baada. Benki kamili za Kiislamu ziko Kenya tangu 2008, kwa hiyo mikataba ya kutazamia haikosekani.

Kwa wanachama wanaotumia mikopo yenu ya sasa, ningependa utafiti uulize pia kama wanaelewa wanacholipa. Sitoi shutuma, nimeona vyama vingi vya nia njema vikiteleza hapa. Kwa mkopo wa mwaka mmoja, asilimia moja na nusu kwa mwezi juu ya 60,000 yote mpaka mwisho ni 5,900 kwa mwezi, jumla 70,800. Asilimia hiyo hiyo ikihesabiwa juu ya deni linalobaki ni kama 5,500, jumla kama 66,000. Tofauti ni karibu 4,800, na hiyo ni misumari, mbao na siku kadhaa za fundi. Mtajieni mtu shilingi za mwezi na shilingi za jumla. Asilimia waachieni wahasibu.

Sasa nyumba ni ya nani? Lamu swali hili lina kina. Kuna desturi ya zamani ya kumjengea binti nyumba, au orofa juu ya nyumba ya wazazi, anapoolewa. Kwa hiyo mara nyingi mwenye nyumba ni mke na mwenye pesa ni mume. Kuna nyumba za mirathi ambazo warithi kumi hawajagawana, wengine wako Mombasa na wengine hawajarudi miaka. Kuna nyumba za wakfu, ambazo haziuzwi, hazirithiwi wala haziwekwi rehani. Na kuna walio na nyumba juu ya ardhi isiyo yao, jambo ambalo ndugu zetu wa Malindi wanalijua kwa uchungu zaidi. Ukiuliza "una hati?" utapata jibu fupi na uso uliofungwa. Uliza hivi: ukitaka kuvunja ukuta huu ufungue dirisha, utamwomba nani ruhusa? Mama atakutajia watu wote wenye kauli juu ya nyumba ile, kwa majina, na hao ndio mnaohitaji waridhie kabla bati halijapigiliwa. Hati ya ardhi msiifanye sharti kwa mikopo ya kiasi hiki. Akiba na wadhamini vinatosha.

Watu wengine wa kuwahoji ni wale wasio wanachama. Mafundi kwanza. Fundi mzuri ana kichwani orodha ya kazi kumi alizoanza zikasimama, na sababu ya kila moja. Mwenye duka la vifaa atakuambia nani huacha pesa kwake kidogo kidogo mpaka zitoshe mabati, na wateja hao wanajikopesha kinyumenyume. Mwenye mashua ya kutoka Mokowe, upande wa bara, na mwenye punda watakupa gharama ambayo hakuna fomu ya benki iliyowahi kuwa na nafasi yake: mfuko wa simiti una bei moja Mokowe, nyingine gatini Lamu, na nyingine ukishapanda kwa punda mpaka ndani ya Langoni ambako hata mkokoteni haupiti. Makisio yasiyo na punda ndani yake yataacha nyumba nusu, na mwenye nyumba nusu halipi kwa moyo.

Na fundi huyo huyo muulizeni kuhusu simiti kwenye nyumba za mawe za zamani. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Ukiufunga kwa plasta ya simiti, unyevu na chumvi vinabaki ndani, na baada ya muda plasta inadondoka na vipande vya ukuta. Mwanachama atakuwa bado anakulipa plasta iliyokwisha anguka. Kwa walio ndani ya Mji Mkongwe, ulio katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2001, kuna pia suala la kibali cha uhifadhi kabla ya kubadilisha jengo. Mkopo utakaotolewa Februari na kibali kikachelewa mpaka mvua ni mkopo uliolala. Wekeni kibali mbele ya pesa.

Gharama ya utafiti huu wote si kubwa. Nyumba thelathini za kutembelewa, mbili kwa siku, baada ya alasiri wakati shughuli za nyumbani zimepungua. Mazungumzo ya makundi sita ya watu saba au wanane, akina mama mbali na wanaume, wavuvi mbali na wenye maduka, na Matondoni waende kwao, wasiitwe mjini. Wewe Katibu usiwe muulizaji, wala mweka hazina, kwa sababu nyinyi ndio mtakaotoa pesa na mdomo wa mtu hujua hilo. Tafuteni msichana aliyemaliza chuo, mtulivu, anayejua kusikiliza kimya bila kukijaza. Tafuteni na watu wawili watatu walioacha chama, wana mengi. Makundi mawili mfululizo yakirudia yale yale, simameni.

Kabla ya kupiga picha ya nyumba ya mtu au kuandika mapato yake, ombeni idhini na mseme mtaitumia kwa nini. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inataka hivyo, na jirani mwema pia.

Kuna zoezi moja la mwisho ambalo sitaki ulikose. Wapeni akina mama kokwa kumi kila mmoja na picha zilizochorwa: paa, sakafu, choo, tangi, jiko, umeme. Waambie wagawe kokwa kwa wanalolitaka. Nilipolifanya Malindi, marundo makubwa yalikuwa kwenye sakafu ya vigae. Nikaziondoa kokwa, nikauliza jingine: mara ya mwisho ulipokuwa na pesa mkononi na nyumba inakudai, ulizitumia wapi? Pakawa kimya. Bibi mmoja mzee akavuta kokwa zake zote, akaziweka kwenye choo, akasema mkwe wake alikuwa akitoka nje usiku na mimba ya miezi minane. Wenzake wakaanza kuhamisha zao mmoja mmoja. Kwenye sakafu ya vigae zilibaki mbili.

Mkishapata kazi mbili au tatu zilizokwamisha wengi, na bei zake mlangoni, anzeni na watu ishirini tu. Na majaribio yachukue mwaka kamili. Hili mwenyekiti hatalipenda, kwa hiyo nakupa hoja ya kumwambia: mkianza Novemba mkapima Februari, kila mtu atakuwa amelipa na mtatangaza ushindi, na mtakuwa mmepima kaskazi peke yake. Anzeni basi hata mwezi huu na nyumba kumi za kwanza, kila moja kwa karatasi yake: ujenzi ulianza lini, kila hatua ililipwa na nini, ulisimama wapi na kwa sababu gani. Mkizimaliza niandikie, na ambatanisha kalenda za kokwa. Nitaanza kwa kuangalia mwezi wa Juni.